Ondoa Majina kwenye Picha za Seli

Mabango mengi ya baiolojia huonyesha mgawanyiko wa seli kama foleni: profezi, metafezi, anafezi, telofezi, na mishale katikati. Mwanafunzi hukariri. Akiwekewa picha halisi ya hadubini anakwama, kwa kuwa humo seli zimechanganyikana na mishale haipo.

Walther Flemming wa Kiel, Ujerumani, hakuwa na bango la kumwongoza. Alichunguza viluwiluwi wa salamanda, wenye seli kubwa, akazitia rangi hadi nyuzi za kiini zikaonekana. Seli hizo zilikuwa zimekufa, kila moja imeganda katika hatua yake. Ipi ilitangulia? Ilibidi aamue mwenyewe kwa kulinganisha umbo na umbo, tena akajihakikishia kwa kutazama seli hai. Kitabu chake kilitoka mwaka 1882.

Darasani tunacho kitunguu. Ncha ya mzizi hulainishwa kwa asidi, hutiwa rangi na kubonyezwa chini ya kioo chembamba. Picha ipigwe milimita chache tu kutoka nchani. Juu zaidi seli zinarefuka, hazigawanyiki, na mwalimu atalaumu rangi bure.

Kisha picha zikatwe, zichanganywe, wanafunzi wazipange na kutetea mpangilio wao. Hapo ndipo makosa yenye faida hujitokeza. Metafezi ikionekana kwa ubavu ni mstari. Ikionekana kutoka juu, kromosomu 16 za kitunguu zimetawanyika kama duara. Wengi watasema ni hatua mbili tofauti. Waulize: sahani ukiitazama ubavuni si mstari pia?

Hesabu nayo ina lake. Tuseme kati ya seli 200, 20 zinagawanyika. Mzunguko mzima wa seli, tangu mgawanyiko mmoja hadi unaofuata, ukiwa wa saa 24, mgawanyiko huchukua takriban sehemu moja ya kumi, yaani kama saa mbili na nusu. Ni makadirio tu, na yanachukulia kwamba seli hazianzi kugawanyika pamoja. Hata hivyo picha iliyoganda imetoa muda, jambo ambalo bango haliwezi.

Shule isiyo na hadubini haijakosa somo hili. Chapisha picha moja nzuri ya mzizi wa kitunguu, yenye seli nyingi, na ufute majina yote kabla ya kuigawa.