Namna ya Kuitazama Baiskeli ya Kulalia yenye Magurudumu Matatu

Imekuwa ada siku hizi, mtu aletapo baiskeli ya kulalia aliyoiunda uani kwake, magurudumu mawili mbele na moja nyuma, watazamaji kumzunguka wakasifu rangi na wembamba wa fremu, ilhali tairi za mbele zinalia katika kila kona kwa kuwa mikono ya usukani imewekwa sambamba, kana kwamba ule mpango wa Lankensperger wa Munich, wa gurudumu la ndani ya kona kugeuka zaidi ya la nje, ambao Ackermann aliuchukulia hataza mjini London mwaka 1818, haukupata kubuniwa. Kosa hilo, walakini, hata kipofu hulisikia.

Asilolitazama mwanagenzi ni mstari wa kingipini, yaani ule mhimili ambao gurudumu la mbele hugeukia. Mstari huo, ukirefushwa hadi chini, hauna budi kuangukia pale pale tairi inapokanyaga, tena mpandaji akiwa amekwisha kuketi, maana uzito wake huipinda fremu na kuyatanua magurudumu. Gurudumu la inchi 20, kingipini ikiwa sentimita 6 kando ya katikati ya tairi, hutaka mwinamo wa baina ya digrii 13 na 14. Ukiupunguza kwa ajili ya wepesi wa kuchomelea, basi siku utakapofunga breki ya mkono mmoja mteremkoni, gurudumu litakunyang'anya usukani na kukupeleka litakako. Mafundi wa zamani, waliokuwa na tupa, timazi na subira, walielekeza ufito mnyofu kutoka kwenye bomba la kingipini hadi sakafuni, rafiki ameketishwa kitini, ndipo wakathubutu kuchomelea moto wa mwisho.

Mzee mmoja niliyemjua hakuwa na haja ya kutazama: aliipanda, akaiacha ishike kasi, akaminya breki ya kulia peke yake, akashuka, akatoa hukumu. Mjanja mmoja, aliyezipata habari zake, alizifunga breki zote mbili kwenye mkono mmoja, mvuto wa upande huu ukaufuta wa upande wa pili, akasifiwa kwa unadhifu wa nyaya. Mzee akaomba koleo, akaufungua waya mmoja.

Ama zile baiskeli za magurudumu matatu ziinamazo katika kona, ziiname kwa hiari, zisibebwe na springi. Kwani yenye springi ngumu hupinduka kama isiyoinama, na yenye kuinama kwa uhuru hudai mizani ile ile ya magurudumu mawili, pamoja na komeo la kuizuia isilale inaposimama. Charles Mochet wa Ufaransa, ambaye Velocar yake ya magurudumu manne ilielekea kupinduka ikiingia kona kwa kasi, hakuhangaika na vikorokoro: aliyapunguza yakabaki mawili, na mwaka 1933 Francis Faure, akiiendesha hiyo ya mawili, akaivunja rekodi ya saa moja kwa kilomita 45.055, hata chama cha kimataifa cha mbio za baiskeli kikaipiga marufuku baiskeli hiyo mwaka uliofuata.

Kiti kisipande juu ya goti la mtu mzima, wala nisiulizwe sababu. Kikipita hapo, mimi huondoka.