Ombi Linalotuma: Kukisoma Upya Kijitabu cha William Carey

Katika kijitabu chake cha mwaka 1792, William Carey, fundi viatu na mchungaji wa Kibaptisti huko Uingereza, alitetea hoja kwamba agizo la Bwana la kwenda kwa mataifa lingali wajibu wa Wakristo wote. Katika sehemu ya tano, iliyo ya mwisho, anayataja maombi ya pamoja kuwa njia ya kwanza ya umisheni. Lakini hayaachi peke yake: anadai pia chama cha kutuma watu, na sadaka, walau peni moja kwa juma.

Hiyo ndiyo nguvu ya kijitabu. Udhaifu wake twauona katika sehemu ya tatu, yenye majedwali ya nchi, idadi ya wakazi na dini zao. Hesabu yaweza kuamsha wajibu. Bali huruma ya Yesu katika Mathayo 9:36 yaanza kwa kuwatazama watu wenyewe katika uchovu wao.

Tena wanafunzi walioagizwa katika 9:38 kumwomba Bwana wa mavuno ndio wanaotumwa katika sura ya 10. Carey naye alisafiri kwenda India mwaka 1793. Basi sharika zetu zinapoombea umisheni, je, tu tayari Mungu atujibu kwa kututuma sisi? Tusipokuwa tayari kwa jibu hilo, bado hatujaomba kama Bwana alivyoagiza.