Sukari Mahali pa Unga

Katika filamu ya Coffy ya mwaka 1973, nesi mmoja anajifanya malaya na kujipenyeza nyumbani kwa tajiri wa unga. Anakuta mzigo umefichwa. Anauondoa, anaweka sukari. Tendo lenyewe ni la muda mfupi, kisha hadithi inakimbia: kuna karamu, kuna wanawake wanaotoana manyoya, na mtazamaji anasahau habari ya sukari. Baadaye nesi anakamatwa na kupelekwa mahali pa kuuawa. Wauaji wanamdunga sindano ya unga huohuo ili alegee. Anajifanya amelewa, huku kichwa chake ni kizima na ndani ya nywele zake kuna waya aliouchonga mwenyewe.

Nimeitazama filamu hii mara nyingi, na kila mara hukutana na sukari ile kwa furaha ya mtu anayeona fundi akichomeka kigingi mahali ambapo hakuna atakayechungulia. Watu walioilipia filamu hii walitaka damu, risasi na maungo ya wanawake. Sukari hawakuiagiza. Aliyeitia ni Jack Hill, aliyeandika mswada na kuiongoza filamu mwenyewe.

Hill alizaliwa Los Angeles mwaka 1933, baba yake akiwa msanifu wa mandhari za filamu. Alisoma chuo kikuu cha UCLA pamoja na Francis Ford Coppola, na wote wawili wakapitia mikononi mwa Roger Corman, mtayarishaji aliyewapa vijana kazi nyingi na fedha kidogo. Coppola akapanda kwenye filamu kubwa. Hill akabaki kwenye zile za haraka, zilizoonyeshwa viwanja ambako watu hutazama sinema wakiwa ndani ya magari yao.

Filamu yake ya kwanza ya peke yake, Spider Baby, aliipiga mwaka 1964 kwa siku 12. Humo ukoo mmoja una ugonjwa wa kurithi: kadiri mtu anavyokua, akili yake inarudi utotoni, kisha inapita utoto na kuwa ya mnyama. Anayewalea wagonjwa hawa ni dereva mzee wa familia, na nafasi hiyo Hill alimpa Lon Chaney Jr., aliyekuwa amezoeleka kama zimwi wa filamu za kutisha. Mtu aliyefanywa zimwi maisha yake yote hapa anapewa watoto wa kuwapenda. Anawasemesha kwa upole, anawaombea radhi kwa wageni, na siku mambo yanapoharibika analia nao. Kumwona zimwi mzee na kufikiri, huyu anaweza kuwa baba, ni akili ya mwongozaji anayewatazama watu vizuri. Watayarishaji walifilisika, filamu ikazuiwa kwa miaka kadhaa kabla ya kufika kwa watazamaji.

Alikuwa pia na uaminifu kwa watu wake. Mwigizaji Sid Haig alianza naye kwenye filamu ya chuo, akawamo katika Spider Baby, akamfuata Ufilipino mwaka 1971 kwenye The Big Doll House, hadithi ya wafungwa wa kike. Huko ndiko Hill alikompa Pam Grier nafasi yake kubwa ya kwanza. Aliona kitu kwa dada yule, akamwandikia zaidi mwaka uliofuata, na Coffy ilipokuja ikawa yake kabisa.

Coffy yenyewe ilizaliwa kwa hasira ya biashara. Kampuni ya filamu ya AIP ilikuwa imeponyokwa na filamu ya Cleopatra Jones ikachukuliwa na Warner Bros., ikataka yake itangulie sokoni. Hill alipewa siku 18. Ikatangulia. Na ndani ya haraka hiyo shujaa wake ana kazi anayoamkia asubuhi, ana mdogo wake aliyeharibiwa na unga, na ana mpenzi mwanasiasa ambaye maneno yake matamu tunayaamini pamoja naye kwa muda mrefu.

Sisemi kila kitu humo ni safi. Nguo zinachanwa kwa sababu soko lilitaka zichanwe, na Foxy Brown ya mwaka 1974 ina ukatili ambao hadithi haiuhitaji. Pale naona mkono wa Hill umechoka. Lakini mwaka 1975 alitengeneza Switchblade Sisters, kisa cha genge la wasichana wa shule, na kiunzi chake ni tamthilia ya Othello: msichana mwenye jicho moja ndiye anayetia sumu ya wivu sikioni mwa kiongozi wake. Haikupata watu wengi ilipotoka. Mwaka 1996 mwongozaji Quentin Tarantino aliirudisha kwenye majumba ya sinema, na mwaka uliofuata akamweka Pam Grier katikati ya filamu yake Jackie Brown.

Filamu ya mwisho aliyoiongoza Hill ni Sorceress ya mwaka 1982. Hakuridhika na jinsi ilivyomalizwa, akakataa jina lake liwekwe. Mahali pa mwongozaji pameandikwa Brian Stuart.