Modemu Yenye Sura Mbili

Kwenye droo za steshenari kongwe za Mwanza mjini, na ng'ambo ya ghuba pale Kamanga, bado utakuta modemu za Huawei zilizobaki tangu enzi zile za kuweka laini, kuchomeka kwenye laptopu, kujiunga bando na kusubiri kitaa kibadilike rangi. Mtumiaji wa Windows alibofya mara mbili tatu akaingia mtandaoni. Kwa mwenye Linux kulikuwa na hatua iliyojificha katikati, na mwanzoni mwa 2013 hatua hiyo iliharibiwa ndani ya kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi. Kosa lile lilirekebishwa kwa namna ninayoiheshimu sana, maana kilichohitajika kilikuwa kufuta tu.

Tuanze na kifaa chenyewe. Modemu hizi zikichomekwa hazijitambulishi kama modemu. Zinajitambulisha kama CD, na ndani ya hiyo CD kuna programu za Windows, ili mnunuzi asihitaji kusaka draiva kwingine. Programu ikishasakinishwa, hutuma amri maalumu. Modemu inajiondoa kwenye USB kana kwamba imechomolewa, halafu inarudi na sura ya pili, sasa ikiwa modemu kweli, na namba yake ya utambulisho imebadilika. Kila kifaa cha USB kina namba mbili: ya kampuni na ya bidhaa. Namba ya kampuni ya Huawei ni 12d1. Modemu ya E1550 huingia kama 12d1:1446, na ikigeuzwa kwa kawaida hurudi kama 12d1:1001. Kwa hiyo kuitambua si jambo moja. Kwanza kuna kuiona, kisha kuna kuamua kama igeuzwe, kwa amri gani, na iwe nini.

Linux ilikuwa na njia mbili za kufanya uamuzi huo. Ya zamani ilikaa ndani ya kerneli, kwenye draiva ya usb-storage, ambako kulikuwa na orodha ya modemu kama E220 zinazotumiwa amri ya kugeuka mara tu zinapoonekana. Njia ya pili ilikuja baadaye, nje ya kerneli: programu ya usb_modeswitch iliyoandikwa na Josua Dietze. Hii inasoma faili la mipangilio la kila modemu, na mtumiaji anaweza kulibadilisha. Watunzaji wa kerneli walikubaliana kwamba njia ya zamani isiongezwe tena. Orodha ibaki tu kwa ajili ya wale ambao mashine zao tayari zinaitegemea.

Ndipo lilipokuja badiliko kutoka kwa mhandisi wa Huawei yenyewe. Orodha ya zamani ilitaja bidhaa mojamoja, kuanzia 1401 hadi 143F pamoja na chache nyingine. Badiliko hilo likaifuta na kuweka masafa: kutoka 1401 mpaka 1500, kutoka 1505 mpaka 1600, na kadhalika. Likaongeza pia amri mpya ya kugeuza. Ukiyasoma maandishi yake utaona ni masafi, mafupi kuliko yale yaliyoyatangulia, na yanatoka kwa mtu aliyekuwa na kila sababu ya kuijua modemu yake. Lakini angalia 1446. Haikuwamo kwenye orodha ya zamani, na sasa imo ndani ya masafa. Namba nyingi zilizokuwa chini ya usb_modeswitch, au ambazo hazikuwa chini ya yeyote, zilihamishiwa kwenye kerneli bila mwenye mashine kuulizwa.

Hebu fikiria kivuko cha Kamanga. Getini upande wa Mwanza, asubuhi wapo wanaovuka, wapo waliokuja kununua dagaa na sangara, wapo waliomsindikiza mgeni. Akatokea mkata tiketi akasema kila anayefika getini apandishwe. Waliotaka kuvuka hawataona tofauti yoyote. Aliyefuata samaki atajikuta upande wa Sengerema.

Ndivyo ilivyokuwa. Baadhi ya modemu zina sura zaidi ya mbili, kila moja na amri yake, na watu walikuwa wameshapanga sura waitakayo. Kerneli ikawawahi na kuchagua nyingine. Wengine hawakutaka igeuzwe kabisa, walitaka kusoma kilichomo kwenye ile hifadhi, na hilo likawa haliwezekani tena. Tena kulikuwa na angalau modemu moja ambayo ikipokea amri ya kerneli iligoma moja kwa moja, haigeuki hata kwa njia ya nje, ingawa siku zote usb_modeswitch ilikuwa ikiiweza.

Kulikuwa na tatizo la pembeni nalo, dogo ila linafundisha. Namba za USB husafirishwa baiti ndogo ikitangulia: 1446 inapita kama 46 halafu 14. Prosesa za Intel zinasoma hivyo hivyo. Prosesa nyingine, zikiwemo za baadhi ya ruta ndogo, zinaanza na baiti kubwa, hivyo bila kugeuza mpangilio zinaona 4614, namba isiyo ndani ya masafa yoyote. Ilibidi badiliko la pili lije kutibu la kwanza.

Fundi aliyekutana na hali hii bila kujua chanzo alikuwa na kifaa cha kumsaidia: git bisect. Unataja toleo lililofanya kazi na lisilofanya, nayo inakupa la katikati ulijaribu. Kila jibu linakata nusu. Mabadiliko 12,000 yanamalizwa kwa majaribio 14.

Machi 2013 Bjørn Mork, mwandishi wa draiva za modemu kutoka Norwei, alituma ombi la kufuta mabadiliko yote mawili, lile la awali na tiba yake. Hakupendekeza masafa yaliyopunguzwa wala swichi ya kuzima. Hata kuhusu modemu iliyogoma, alikiri kwamba huenda ubovu umo ndani ya modemu yenyewe, lakini kwa kuwa awali ilifanya kazi, kerneli ndiyo yenye deni. Miezi michache nyuma, Desemba 2012, Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, alikuwa ameisimamia kanuni hiyohiyo kwa ukali: kerneli isivunje programu za watumiaji. Greg Kroah-Hartman, mtunzaji wa USB, alilipokea ombi, na likapelekwa pia kwenye matoleo tulivu ambayo watu walikuwa wakiyatumia.

Naona Mork alikuwa sahihi kukataa marekebisho ya nusunusu. Mtengenezaji anaijua amri inayogeuza kifaa chake. Hajui kama mtu wa Kamanga anaitaka modemu, au anataka faili zilizo kwenye ile CD. Kupunguza masafa kungeacha uamuzi uleule mahali palepale pasipostahili.

Orodha ya zamani ilirudi kama ilivyokuwa, na E220 bado inageuzwa na kerneli. Ukiitoa E1550 kwenye droo leo, andika lsusb, amri inayoorodhesha vifaa vya USB, mara tu unapoichomeka, kisha uandike tena baada ya sekunde chache. Kwanza utaona 1446. Namba itakayofuata imetokana na amri iliyo kwenye faili la usb_modeswitch, unaloweza kulifungua na kulihariri.