Vita Visivyo na Nchi: Filamu ya Troy na Habari za Wakilindi

Ikisiri

Makala hii inaihakiki filamu ya Troy (2004) kwa kuilinganisha na Habari za Wakilindi, masimulizi ya Abdallah bin Hemedi kuhusu ukoo uliotoka milima ya Nguu ukaitawala Usambara. Hoja kuu ni kwamba filamu hiyo, ilipoiondoa miungu ya Homer, iliondoa pia uhusiano wa mtawala na nchi yake, hivyo ikabaki na vita vya watu binafsi. Makala inahitimisha kwa kuonyesha umuhimu wa jambo hilo kwa utohoaji wa masimulizi ya Kiafrika katika filamu.

1. Utangulizi

Katika mjadala wa utendi wa Kiafrika, tangu Finnegan (1970) alipotilia shaka kuwapo kwake hadi Okpewho (1979) na Mulokozi (2002) walipomjibu, Homer amekuwa kipimo. Masimulizi ya Kiafrika huulizwa kama yanaifikia Iliad. Makala hii inageuza mizani na kukipima kizazi cha Iliad kwa masimulizi ya Kiafrika.

Habari za Wakilindi ni nathari, wala si utendi kwa umbo. Hata hivyo, imebeba maudhui ya kitendi: shujaa aliyekataliwa kwao, safari, kutawazwa, kisha ndugu kupigania urithi. Mandhari yake yamo katika nchi inayofahamika. Nguu alikotoka Mbega ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Handeni hadi Kilindi ilipofanywa wilaya mwaka 2002, na Mazinde, makao ya Semboja, iko Korogwe.

2. Tauni mbili

Iliad inaanza kwa tauni. Agamemnon anakataa kumrudisha binti wa kuhani, naye Apollo analipiga jeshi kwa maradhi. Kosa la mtawala linakuwa ugonjwa wa watu wake, na ugomvi wa Achilles na Agamemnon unazaliwa hapo.

Wolfgang Petersen, mwongozaji wa filamu, na David Benioff, mwandishi wa mswada, wamelifuta tukio hilo. Tauni inajitokeza mwishoni tu, nayo ni hila: Wagiriki wanaacha ufukweni maiti zenye dalili za maradhi ili watu wa Troy waamini kwamba adui amekimbia. Kilichokuwa hukumu juu ya utawala kimegeuzwa mtego. Makuhani nao wamepunguzwa wakawa washauri wabaya. Kila Priam anapowasikiliza badala ya Hector, mji unasogea karibu na maangamizi.

Uamuzi huo una faida yake. Binadamu hawana tena wa kumsingizia, na tamaa ya Agamemnon inaonekana waziwazi. Priam anapoingia hemani mwa Achilles kuuomba mwili wa mwanawe bila kuongozwa na mungu yeyote, ujasiri wake unaongezeka. Lakini nje ya hema hilo nchi haipo. Vita vya miaka kumi vimebanwa vikawa vya muda mfupi, na mtazamaji haoni shamba lililoachwa wala ghala lililokauka. Kuanguka kwa Troy kunakuwa kuungua kwa majengo.

3. Kutoka Nguu hadi Mazinde

Mbega naye ni mwindaji na mpiganaji, lakini sifa yake inatokana na kitu kingine. Kwao alinyimwa urithi kwa kuwa ni kigego. Huko Usambara anapokewa kwa sababu anawaua nguruwe waharibuo mazao na kuwagawia watu nyama. Anapomuua simba, tendo hilo linathibitisha kile ambacho wakulima wamekwisha kukiona: huyu anailinda nchi. Ushujaa wake unapimwa shambani kabla ya kupimwa vitani.

Kipimo hicho ndicho kinachotoa maana ya vita vilivyofuata. Kimweri ya Nyumbai alipofariki mwaka 1862, mjukuu wake Shekulwavu alirithi Vugha. Semboja, baba yake mdogo, alikuwa Mazinde, penye njia ya misafara ya bonde la Pangani, naye alikuwa na bunduki. Alimtoa Shekulwavu Vugha, lakini hakuhamia huko. Alimweka mwanawe, naye akabaki kwenye biashara. Agamemnon wa filamu anautaka mji. Semboja anaushinda mji akauacha, kwa kuwa chanzo cha nguvu kimehama kutoka mvua ya mlimani kwenda baruti ya bondeni.

Feierman (1974, 1990) ameonyesha kwamba Washambaa walikuwa na msamiati wa kuieleza hali hiyo: kuzifya shi, yaani kuiponya nchi, kubana shi, yaani kuidhuru, na nguvu kwa nguvu, pale watawala wawili wanaposhindana na njaa ikafuata. Kwa upande wa Uzigua, Giblin (1992) ameeleza jinsi mamlaka ya wakubwa wa Handeni yalivyofungamana na akiba ya chakula na udhibiti wa pori lenye mbung'o. Katika fikra hiyo, uganga ni lugha ya kisiasa inayomwajibisha mtawala.

4. Athari kwa utohoaji

Mtayarishaji atakayeyatohoa masimulizi ya Wakilindi kwa kufuata mfano wa Troy atapata mapambano mazuri ya watu wawili wawili. Atamfanya mganga kuwa mjinga au kitisho, na Semboja kuwa mwovu kwa tabia yake tu. Waliouzwa utumwani katika vita hivyo watakuwa kundi la nyuma ya picha. Wala dawa si kuiga kitabu neno kwa neno: Abdallah bin Hemedi alisimulia kutoka karibu na watawala, na Wabondei walioasi wangekuwa na habari nyingine. Linalohitajika ni kuihifadhi nchi kama mhusika, ili mahindi yanaponyauka mtazamaji ajue ni nani anayeshtakiwa.

5. Hitimisho

Troy imewapunguzia binadamu visingizio, lakini imewaondolea pia shahidi. Katika Iliad shahidi huyo ni tauni. Katika masimulizi ya Wakilindi ni mvua na njaa. Kwa kipimo hiki, Habari za Wakilindi iko karibu na Homer kuliko filamu iliyotokana na Homer mwenyewe.