Mnana wa Kilombero na Kibandiko Chake

Makumbusho huhesabu umri wa kitu tangu siku kilipoandikwa daftarini. Mnana wa Kilombero alionwa na wataalamu karibu na Ifakara mwaka 1986, akapewa jina la kisayansi, Ploceus burnieri, mwaka 1990. Tangu hapo husemwa kuwa amegunduliwa. Na Wandamba, wavuvi wa mto huo, waliopita na mitumbwi yao chini ya viota vyake, je, walikuwa wakiona nini? Jina lenyewe ni heshima kwa mtu, Burnier. La mto limeachiwa lugha za kila siku.

Walakini siwaungi mkono wanaotaka kibandiko kitupwe. Jina la kisayansi hufungamana na ndege mmoja aliyehifadhiwa, na kila ajaye hulinganisha naye; pasipo yeye ubishi hauishi. Kosa ni ufupi: mahali, tarehe, mkamataji, basi. Matete hayamo, wala mafuriko ya masika. Nao mnana huyu hana makao mengine ila bonde hili, ambako matete hufyekwa kwa mpunga na kuliwa na ng'ombe. Ningependa kibandiko kitaje matete hayo, na jinsi Wandamba wamwitavyo ndege wao.