Akhwari na Kijana wa Benchi

Uwanjani Ruangwa, nyumbani kwa Namungo, au kwenye viwanja vya vumbi vya Nachingwea, mechi ikibanana na fundi wa timu akaumia, jukwaa halikosi mtu wa kupiga kelele: "Arudi! Mbona Akhwari alimaliza?" Hebu tuihakiki hoja hiyo. Hilo ni simulizi, na kila simulizi ina muktadha wake.

Mwaka 1968, Mexico City, John Stephen Akhwari alianguka katika marathoni, akaumia goti. Mamo Wolde wa Ethiopia alishashinda zaidi ya saa nzima nyuma. Akhwari akafika akichechemea, wa 57, wa mwisho kati ya waliomaliza. Alipoulizwa, akajibu kwamba nchi yake haikumtuma kuanza mbio, ilimtuma kuzimaliza.

Wasimulizi wetu hung'ang'ania maumivu, wakasahau msuko. Marathoni haina mchezaji wa akiba, na ushindi ulishakwenda. Akhwari aliamua mwenyewe. Kandanda lina benchi! Fundi akirudishwa na goti bovu, anayeamua ni kocha na jukwaa, na kinachotafutwa ni bao. Hapo shujaa amegeuzwa chombo.

Kwa hiyo mimi nasema asirudi. Dhamira ya simulizi ile ni kutimiza wajibu, siyo kuumia. Na yule kijana anayepasha misuli pembeni, ambaye hakuna msimulizi anayemtaja, wajibu wake atautimiza lini?